Sketi ya Mpanda Farasi Niliyoiziba

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka hata rangi ya uzi uliokuwa kwenye sindano. Ilikuwa miaka ya tisini, hapa Toronto. Wazazi wetu tulikuwa tumewazika Burundi, nami, kifungua mimba niliyeacha shule darasa la sita, niliishi mtaa wa St. James Town na mdogo wangu Neema, msichana wa miaka kumi na sita. Nilikuwa namlinda. Angalau hivyo ndivyo nilivyokuita kule kumchunguza: nilinusa makoti yake, nikasikiliza simu zake huku nikijifanya nachambua mchele. Yatima akipotea, nilijiambia, nani ataulizwa?

Nilishona kwa Mzee Daudi, fundi Mkenya mwenye duka la kurekebisha nguo kule Agincourt. Neema alikuwa akija pale baada ya masomo, akiandika kazi zake za shule kwenye meza ya kukatia. Siku hiyo nilishika sketi nyeusi ya sufu, iliyoletwa na mama mmoja wa Kizungu ipanuliwe kiuno. Ilikuwa ya bibi yake, naye alitaka kuivaa Jumamosi kwenye maonyesho ya farasi. Nikaikunjua, moyo ukanipasuka. Mbele sketi nzima, nyuma wazi kabisa, kana kwamba mtu amepitisha mkasi.

Mkasi ulikuwa karibu na Neema. Sikuuliza. Nilivuta mfuko wake nikaumwaga mezani mbele ya wateja wawili. Kikaanguka kitambaa cheusi.

“Umeanza wizi?”

“Kaka, hicho kanipa Mzee. Cha tai ya kwaya.”

“Mwongo hakosi shahidi!”

“Basi kipime! Wewe si fundi?”

Mengine alinijibu kwa Kiingereza, lugha aliyoikimbilia akiumia, kisha akaondoka. Kwa kweli kile kitambaa kisingetosha hata leso. Macho yaliliona hilo, dhana haikutaka kukubali.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, nikajisemea. Nikatafuta sufu inayofanana, nikauziba ule uwazi, mshono juu ya mshono, aibu ya nyumba yetu isijulikane.

Mzee Daudi alirudi kutoka kununua vifungo, akaigeuza sketi. “Nani kaziba hapa?”

“Mimi, Mzee. Neema alikuwa ameikata.”

Alicheka hadi akashika meza. “Jonasi, wewe farasi unamjua wa kitabu cha Ufunuo tu?” Kisha kicheko kikakatika. “Umemshonea mteja wangu sanda.”

Akaketi, akanieleza. Ujanani mwake, Nakuru, aliwashonea wake wa walowezi. Zamani wanawake walipanda farasi miguu yote ikiwa upande mmoja, wamevaa sketi ndefu kamili, maana kuonyesha miguu kulikuwa fedheha. Mwanamke akianguka, kitambaa kilinasa kwenye pembe ya tandiko inayoshikilia mguu, farasi akamburuta. Ndipo mafundi wakaiondoa sehemu ya nyuma, suruali ikavaliwa ndani. Akishuka, anaizungusha na kuifunga kwa kifungo, watu wanaona sketi nzima. Baadaye walianza kukaa kama wanaume, suruali ikatosha; ila mteja huyu Jumamosi angepanda kwa mtindo ule wa zamani.

“Si kila ufa ni wa kuzibwa,” alisema. “Huu ndio mlango wa kutokea. Na kile kitambaa nilimpa mimi.”

Nilifumua kila mshono jioni ile, sketi ikapona. Neema nilimwomba radhi, akasema yameisha. Lakini kwa mwaka mzima, kila alipoingia nyumbani, alisimama mlangoni, akafungua mfuko wake na kunionyesha vilivyomo, bila kuulizwa. Nilimsihi aache.

“Nimezoea tu, kaka,” alisema.

Hilo, mwanangu, halikufumulika.

Basi nakuasa, hasa wewe uliyeachiwa wadogo ukiwa bado mdogo: muulize unayemlea kabla hujampekua, na jibu lake ulipime kabla hujalitupa. Hofu hujivika upendo, na aliyeivaa ndiye wa mwisho kuitambua. Mungu akupe jicho lenye subira, na walio chini yako waingie kwako wameinua vichwa. Amina.