Hatua Arobaini Kutoka Kwenye Mzinga

Mimi nafundisha hisabati shule ya msingi karibu na Isikizya, na kwa miaka mingi nilijiona bingwa wa kila kitu chenye namba. Baba yangu hakuwahi kukubali. Yeye alikuwa mrina asali, mwenye mizinga ishirini na mitatu katika pori la nyuma ya Kigwa, na ramani yake yote ilikuwa kichwani.

Mrina asali hamwambii mtu mizinga yake ilipo, hata mkewe. Ndiyo desturi. Lakini magoti yalipoanza kumgomea, baba aliona mizinga itapotea pamoja naye, akaniita. "Mayu," alisema, maana kwetu Unyamwezini binti huitwa mama, "twende nikakuonyeshe." Nikachukua simu ili nihifadhi kila mahali kwa kutumia setilaiti. Weee! Alinikazia macho kama nimeiba.

"Hiyo si ndiyo itawatangazia wezi?"

"Haitangazi, baba. Inasikiliza tu."

Nikamkumbusha habari ya shoka. Nilipokuwa mdogo alinionyesha mtu akikata mti ng'ambo ya mbuga: shoka linatua, mlio unafika baadaye, na kwa kuchelewa kule baba alikisia umbali. Setilaiti nazo ni hivyo hivyo, nikamwambia. Zinazunguka juu sana, kila moja ina saa ya ajabu, na kila moja inarudia bila kuchoka: mimi niko hapa, na saa yangu inasema hivi. Simu inapima ujumbe umechelewa kiasi gani njiani. Setilaiti moja haitoshi. Zikiwa nne, tatu zinakubana mahali ulipo, na ya nne inasahihisha saa ya simu, kwa sababu saa ya simu ni ya ovyo na kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde lingekutupa mita mia tatu. Hapo hutaki bando wala mnara, unataka mbingu iliyo wazi tu. Na zenyewe wala hazijui kama upo.

Baba akatazama juu. "Kumbe zinasema tu, hazichungulii. Basi zina adabu kuliko majirani zetu." Halafu akamkumbuka babu yake, mpagazi aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani kwa njia ya misafara inayokatiza pori lile lile. Alisema laiti mzee angeyaona haya.

Tulitembea siku mbili, wakati wa kiangazi. Kila tulipoukaribia mzinga, baba alinisimamisha. "Hapo hapo!" Alichagua upande ambao upepo ulitupiga usoni, ili nyuki wasipate harufu yetu. Aliegemea mkongojo, akanyoosha kidevu: "Ule kule juu." Mimi nabonyeza, nahifadhi, tunaendelea.

Mwaka uliofuata kiharusi kikamlaza. Aliomba jambo moja tu: aonje asali ya mizinga yake kabla hajafa, ajue kwamba kuna mtu anayeweza kuifikia. Kiangazi kilipofika nikaenda na mume wangu. Simu ikatufikisha mahali pa kwanza. Tukatazama juu: matawi matupu. Pa pili, pa tatu, vile vile. Mzinga wa gome ukijificha kwenye majani huutofautishi na gogo, na miti ya pori lile yote ni ndugu. Nilizitukana setilaiti zote na waliozirusha. Nikarudi mikono mitupu, machozi yakinilengalenga.

Baba alinisikiliza, mdomo umekwenda upande. "Ulibonyeza ukiwa umesimama wapi?"

Nikaitazama simu.

"Pale nilipokusimamisha mimi," akajibu mwenyewe, akacheka hadi akapaliwa. "Mwalimu wa hisabati! Unazisingizia setilaiti bure. Upepo wa kiangazi unatoka wapi?"

"Mashariki."

"Basi elekea mashariki, hatua arobaini."

Kesho yake nilihesabu thelathini na nane, nikasikia nyuki. Mzinga ule, na kwenye mfuniko alama ya baba, mistari miwili na duara! Nilipiga vigelegele porini mpaka mume wangu akaniomba ninyamaze, nisije nikawaamsha. Jioni baba alilamba asali kidoleni, akafumba macho. "Ndiyo yenyewe," alisema. Alifariki kabla ya mvua za kwanza.

Tangu hapo nimepima upya mizinga yote, nikiwa chini ya mti wenyewe. Mume wangu anasema nifute zile alama za zamani kwenye simu, zinachanganya. Sifuti ng'o! Kwenye mizinga zimekosea hatua arobaini, lakini kwa baba hazikukosea: zimehifadhi mahali ishirini na patatu aliposimama na mkongojo wake. Nikienda kurina napita hapo kwanza. Nasimama, upepo usoni, ndipo naanza kuhesabu hatua.