Mwale Uliopinda

Huko Madale wanasema mtafiti yule ana dharau, kwani ukimpa shikamoo anaitikia marahaba huku ameangalia ukuta. Mama Clara, mkewe, amechoka kuwaeleza. Maabarani, mumewe alishughulika na leza kali ambayo mwale wake haunyooki, unapinda hewani kama mpira wa kona. Siku moja alisimama pembeni akidhani yuko salama, ukamfuata hukohuko na kumuunguza ndani ya macho yote mawili, pale katikati panapoona cha mbele. Daktari ameshasema hapatibiki. Sasa anaona kwa pembeni tu, na akitaka kuiona sura yako lazima aangalie kwingine. Hata chai anaimimina uso ukiwa dirishani, kidole kikipapasa ukingo wa kikombe.

Jumamosi, kwenye sendofu ya kumuaga binti yao kabla ya ndoa, Clara alitoka na gauni lake akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, nimependeza?"

Mbele ya watu wote, akamgeukia uso kwa uso, kama baba wengine.

"Umependeza sana, mwanangu."

Wageni wakapiga vigelegele. Mama Clara akainamisha kichwa. Mumewe akikutazama usoni, hapo ndipo asipokuona.