Nilivyomnyamazisha Mama Wambo kwa Sababu ya Nanasi

Mtu akila nanasi kisha aimbe, asidi inatoka na pumzi, inaingia kwenye maiki, inafuata waya na kutoboa spika. Cheka tu! Hapo miaka ya tisini mimi niliamini hayo yote. Niliambiwa na fundi mmoja wa redio pale Thika, na mimi, mwenye cheti cha elektroniki cha masomo ya jioni, nikaitikia kwa kichwa kama mbuzi aliyeona mahindi.

Cheti hicho, jamani! Nilikiwekea fremu kubwa kuliko picha ya harusi ya wazazi wangu.

Basi kanisa letu la Gatongora likaniomba niliundie ekwalaiza, ile mashine ya kurekebisha sauti kabla haijafika kwenye amplifaya. Saketi nilichora mwenyewe. Nobu tatu za kuzungusha: moja ya kuchagua sauti, nene au nyembamba; ya pili ya kuipandisha au kuishusha; ya tatu imeandikwa Q. Nikajiambia, Q ni kwaliti, na nani hataki kwaliti? Nikatafuta resista za kuipeleka juu kabisa, halafu nikaizungusha mpaka mwisho, na ile ya kupandisha pia!

Siku ya mazoezi, Mama Wambo akashika maiki. Yeye ndiye aliyeongoza kwaya, na wiki iliyofuata kitinda mimba wake alikuwa anaolewa. Wimbo wa kumuaga binti angeuimba yeye mwenyewe. Kufika tu sauti ya juu, spika zikapiga mluzi, wiiii! Mbwa wakaitikia mpaka kule mtaa wa Kiuu.

"Haiya! Kijana, mashine yako inalilia nini?"

Sasa, kazi ya Mama Wambo ilikuwa kuuza mananasi ya kukatwa Ruiru. Unaona nilikoelekea?

"Mami, leo umekula nanasi?"

"Nimeonja vipande viwili. Kwani?"

"Basi ni hiyo. Asidi."

"Asidi gani! Mimi nimeimba hapa kabla wewe hujaota meno!"

Nikamwaga kemia mpaka pasta akaanza kuzihurumia spika. Siku ya harusi wimbo akapewa mwingine. Mama Wambo akaketi mbele, mdomo umefungwa kama bahasha, akimtazama mwanawe akienda.

Na yule mwingine, ambaye nanasi hata haligusi, akafika pale pale: wiiii! Mimi huyo, bila haya: "Ni Mama Wambo, ameketi karibu sana na maiki!" Ngai! Nilisema hivyo mbele ya watu. Bibi harusi akalia.

Mama Wambo hakurudi kwaya tena. Nikipita kwake anayafunika mananasi kwa gazeti: "Pita mbali, mtaalamu. Usije ukatoboka."

Wewe mwenye cheti kibichi, sikia: kabla hujalishtaki koo la mtu, fungua kwanza sanduku lako.

Langu mimi sikulifungua. Lilifunguliwa na mwalimu wangu wa masomo ya jioni, niliyemwita kutoka Thika aje athibitishe habari za asidi. Akazitazama resista, akanitazama mimi. Akairudisha nobu ya tatu nyuma, akaimba noti ile ile mwenyewe, kwa sauti ya chura. Hakuna mluzi.

"Q si kwaliti," akasema. "Inaonyesha tu kile kipande cha sauti unachopandisha ni chembamba kiasi gani. Umekibana na kukipandisha mpaka mashine inajipigia mluzi yenyewe. Huyo mama alikuwa anaimba sawa."