Anayeingia Ndani Ndiye Anayeshika Ufunguo

Pipa la kukaushia limezimwa tangu alfajiri, lakini joto lake bado linapiga usoni. Mwendesha mtambo, ambaye wenzake humwita Fundi Joto, anachomoa ufunguo wa swichi na kumkabidhi mwanamke aliyejifunga kitambaa puani.

"Weka mfukoni, shemeji. Ukitoka unipe mwenyewe, mkono kwa mkono."

"Na wewe usibanduke hapo," anajibu mwanamke. Kisha anainama na kutokomea ndani ya pipa na brashi yake.

Kiwanda hiki hukausha mahindi na maganda ya muhogo yatakayosagwa kuwa chakula cha mifugo. Mali mbichi huingia upande mmoja wa pipa refu la chuma, hubiringishwa polepole huku ikipulizwa hewa ya moto, na hutokea upande wa pili ikiwa kavu. Isipokauka sawasawa huota ukungu. Ikikauka kupita kiasi, vumbi lake hushika moto upesi. Kwa hiyo masalia lazima yakwanguliwe kila siku, na hakuna namna ya kuyakwangua bila mtu kuingia.

Zamani aliyekuwa akiingia ni mdogo wake Fundi Joto. Siku moja mvua ilishuka ghafla, malori yamejaa mahindi uwanjani, kila mtu mbio. Mwenzao wa zamu iliyofuata alifika, akakuta ufunguo uko kwenye swichi, akadhani pipa ni tupu. Akawasha.

"Mimi nilikuwa nje nafunika mahindi kwa turubai," anasema Fundi Joto. "Nikasikia pipa linazunguka. Nikajua."

Baada ya maziko alirudi kazini na sheria yake: anayeingia ndani ndiye anayeshika ufunguo. Wakubwa walilalamika kuwa anachelewesha kazi. Akashikilia uzi ule ule.

"Niliwaambia nifukuzeni, ila ufunguo naondoka nao."

Hawakumfukuza. Ila mjane wa mdogo wake alipokuja kuomba kazi, nafasi iliyokuwepo ilikuwa ile ile ya marehemu. Akaichukua.

"Shemeji alininunia mwezi mzima," anasema mjane huyo akitoka, kope zimejaa vumbi. "Nikamwambia, watoto hawa ni wa ndugu yako, na kununa kwako hakupikiki."

Fundi Joto anacheka, kisha anapokea ufunguo mkono kwa mkono. Mwakani anastaafu, na linalomkosesha usingizi ni nani atasimama kwenye swichi. Anataka mlango wa pipa uunganishwe na umeme, ili ukiwa wazi, hata mtu awashe vipi, pipa lisizunguke. Baada ya kuombwa mara nyingi, meneja amekubali. Mchomeleaji ameshapima mlango.

Mlango ukishaunganishwa, ataufanyia majaribio mwenyewe, tena na tena, kabla hajaaga.

"Nyumba zetu zimepakana," anasema. "Nikistaafu nitakuwa nakaa barazani jioni, nimsikie shemeji anafika, anawagombeza wanawe. Mdogo wangu alitoka asubuhi, mimi ndiye niliyerudi kuwaambia. Sirudii tena safari ile."