Bawa Aliloniulizia Mzee Mutiso

Wewe unayenisikiliza, vuta kiti karibu. Nitakueleza polepole, kwa sababu jambo lenyewe ninalionea haya.

Usiku ule nililala mapema, nikikwepa mawazo. Mchana wa siku hiyo Ndinda, mwanafunzi wangu katika chuo cha mafundi wa ndege hapa Nairobi, alikuwa ameniambia anaacha masomo. Wenzake hawakumpa nafasi ya kupumua karakanani.

"Ndinda, hesabu tochi zako!"

"Mwacheni jamani, kwao kusahau ni urithi."

Wakacheka. Nami nilikuwa pale, nikajifanya natafuta bisibisi.

Baba yake, marehemu Mzee Mutiso, ndiye aliyenifundisha kazi hapahapa chuoni. Alifukuzwa kwa sababu tochi ilikutwa ndani ya shimo la gurudumu, ndege ikiwa imeshakwenda safari na kurudi. Hakuna aliyeumia. Lakini sahihi kwenye karatasi ya ukaguzi ilikuwa yake. Tochi niliisahau mimi. Aliniuliza, "Halima, vifaa vyote vipo?" nikajibu, "Vyote, Mzee," bila kuangalia. Akaniamini, akatia sahihi. Walipomfukuza, nilinyamaza. Baadaye nikapewa nafasi yake.

Basi, usingizini nilijiona darasani. Jua lilikuwa kali madirishani. Nilikuwa nikifundisha habari za ndege ya aina ileile iliyokutwa na tochi, ndege ya Kijapani yenye injini mbili na mapangaboi, na nilipoinua macho, Mzee Mutiso alikuwa ameketi mstari wa nyuma na ovaroli lake la bluu. Mikono yake ilikuwa safi, haina hata tone la grisi. Hilo ndilo lililoniambia kwamba amekufa.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea, kama alivyonifundisha yeye. Kwamba baada ya vita kuu vya pili Wajapani walikatazwa kuunda ndege. Kwamba waliporuhusiwa tena, makampuni kadhaa yaliunganisha nguvu, na wahandisi waliowahi kuchora ndege za kivita wakakaa chini kuchora ndege ya abiria, ya kutua kwenye viwanja vifupi vya visiwani. Injini walizitoa Uingereza. Usukani ulikuwa mzito, unasukumwa kwa nguvu za mikono. "Hii inamtaka rubani aliyeshiba ugali," Mzee alikuwa akituambia, nasi tukacheka. Iliuzwa nchi nyingi, kisha kiwanda kikaacha kuiunda, nazo zile kuukuu zikaja kumalizia uzee wao Afrika.

"Umeruka habari za bawa," anasema Mzee.

Madawati sasa ni viti vya abiria. Tuko angani, usukani uko mikononi mwangu na hausogei. Mzee ameketi kulia kwangu, amefunga mkanda.

"Waambie habari za bawa, Halima."

Ninaijua habari hiyo. Kila mwaka ninafundisha kuhusu ndege hii, na kila mwaka habari ya bawa ninaiacha.

Halafu hakuna anga. Tuko ndani ya karakana kubwa, mchana mweupe, na wanaume waliovaa shati na tai wameizunguka ndege mpya. Ni wale wahandisi. Ndege yao ya kwanza imeruka na haikutulia hewani, inaelekea kulala upande. Mmoja wao, mwenye mvi, anaweka kidole juu ya mchoro, kisha anakigusa kifua chake mwenyewe. Wenzake wanainamisha vichwa. Hakuna anayemcheka. Wanaleta vipimo, wanafungua maungio ya bawa, wanatia kabari, na mabawa yote mawili yanainuka kidogo. Kidogo tu. Mimi ninalia.

"Unaona?" anasema Mzee. "Ndege ilipona kwa sababu walisema kosa lao."

Kisha ananiuliza, kwa sauti ileile ya siku ile: "Halima, vifaa vyote vipo?"

Nataka kujibu hapana. Nainama, nikijifanya natafuta bisibisi. Ningependa anikaripie. Badala yake anageuza uso pembeni, kama mtu anayekuona umevuliwa nguo mbele za watu na hataki kukuongezea aibu. Hapo ndipo ninapofahamu kwamba alijua tangu siku ya kwanza.

"Mimi nimeshapumzika," anasema, mgongo wake ukiwa kwangu. "Ndinda ndiye anayeingia darasani na jina langu."

Nikaamka. Kulikuwa kumekucha, na mto ulikuwa umelowa. Sikungoja chai. Nilimpigia Ndinda.

"Mwalimu, nilikwambia siji tena."

"Njoo leo tu, uketi mbele. Ile tochi ilikuwa yangu. Baba yako hakusahau kitu. Nilimdanganya."

Nilimsikia akivuta pumzi.

"Utasema mbele yao?"

"Mbele yao wote. Kisha nitamwandikia mkuu wa chuo."

"Basi nakuja," akasema. Hakuniita mwalimu.

Nawe unayenisikiliza, inawezekana. Mimi mwenye woga wote huu nimeweza. Kama kuna mtu aliyebeba kosa lako, usingoje akujie usingizini. Mpigie leo, na kama amekufa, wapigie wanawe. Anza na maneno haya: "Ni mimi niliyefanya." Mengine yatafuata.