Firigisi ya Mkuu wa Chuo

Harufu ya gundi haiondoki, nasema hivi kama mtu aliyejaribu kuiondoa. Tawi la mjini la chuo alichosoma mama lilikuwa ndani ya jengo lililowahi kuwa kiwanda cha gundi, katika mtaa unaoteremka kutoka Soho Road kuelekea Lozells, na gundi ya zamani, kwa wasiojua, ilitengenezwa kwa kuchemsha mifupa, kwato na ngozi za ng'ombe mpaka vyote viwe uji. Kiwanda kilikuwa kimefungwa kabla hatujafika Birmingham. Mitambo ilikuwa imeng'olewa na kuta zimepakwa ile rangi ya kijani ya hospitali. Lakini siku za mvua, na Birmingham ya mwanzoni mwa miaka ya sabini sikumbuki kama ilikuwa na siku za namna nyingine, matofali yalitoka jasho, na jasho lile lilinuka ng'ombe aliyekufa zamani. Mama alikuja nalo nyumbani kwenye koti, kwenye nywele, ndani ya mkoba. Nilikuwa nikiziba pua kwa kola ya sweta kila aliponisogelea, naye alicheka na kunikumbatia kwa nguvu zaidi, makusudi.

Chuo chenyewe kilikuwa cha shamba. Kilianzishwa na bwana mmoja mwenye ardhi, huko kijijini nje ya mji, aliyetoa mabanda yake ya farasi ili watoto wa vibarua wake wafundishwe kukamua na kutengeneza jibini, wasije wakakimbilia viwandani Birmingham wakamwachia ng'ombe wake. Alipokufa, jumba lake nalo likawa chuo. Baadaye wakafungua tawi la pili katika mji mdogo wa jirani, ndani ya nyumba iliyokuwa ikiwahifadhi maskini wasio na kwao. Na mitaa yetu ya Handsworth ilipojaa watu kama sisi, wakubwa wa chuo walikaa kikao wakagundua kwamba sisi pia ni jamii, wakatufungulia tawi la tatu. Kijiji kilibaki na jumba na bustani, mji mdogo ukapata nyumba ya maskini, sisi tukapewa mifupa. Nimesoma chuo kikuu mimi, nimeandika tasnifu nene kuhusu elimu ya watu wazima, tasnifu ambayo mama huitumia kuzuia mlango wa jikoni usijifunge kwa upepo, na sikuweza kusema humo ndani lolote ambalo matawi yale matatu hayakuwa yamekwisha kulisema.

Mama alikuwa mwalimu wa sayansi kimu karibu na Kakamega kabla baba hajapata nafasi ya kuja Uingereza kusomea upimaji wa ardhi. Masomo ya baba yaliishia njiani, akawa kondakta wa basi. Masomo ya mama hayakutambuliwa kabisa, akawa mwosha sufuria katika jiko la hospitali. Sufuria zile zilikuwa na kina cha kumzamisha mtoto, na ndani yake kulikuwa na kabichi iliyochemshwa mpaka ikapoteza rangi na matumaini, na mafuta ya nguruwe yaliyoganda kama mshumaa. Ngozi ya mikono yake ilianza kubanduka kati ya vidole. Mpishi mkuu wa hospitali, mwanamke mwenye sauti kubwa na roho nzuri, alimwambia kuna nafasi ya mpishi itakayokuwa wazi baada ya Pasaka. Lete cheti cha upishi cha hapa hapa, alisema, nami nitakutoa kwenye hayo masinki. Ndiyo maana mama alivumilia gundi. Alitaka kupika, na alitaka mikono yake.

Mwenzake darasani alikuwa Mama Jaspal, Singasinga wa Kisumu aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na jikoni, nacho alikitumia bila woga. "Mama Nekesa," alisema akiingia bila kubisha hodi, "hii gundi naingia mpaka kwa chapati. Bwana yangu nauliza, wewe napika nini, viatu?" Mama alicheka mpaka akakaa chini. Wawili wale walijifunza pamoja kutengeneza mchuzi mweupe wa unga na maziwa, mzito kama plasta, na kuchemsha karoti mpaka ziache kupinga. Mwalimu wao, Bi. Harcombe, alikuwa mtu wa haki lakini asiye na ulimi wa kuonjea, na alifundisha kwamba vitu vya ndani vya kuku huchemshwa kidogo kwa ajili ya mchuzi, kisha hutupwa.

Mtihani wa mwisho ulifanyika kule kijijini, kwa kuwa jiko zuri lilikuwa la jumba. Shule zilikuwa zimefungwa na baba alikuwa zamu, kwa hiyo nikaenda na mama katika basi la chuo. Nilikuwa nimeambiwa tunakwenda mahali pazuri. Tuliposhuka, kitu cha kwanza kilichonipokea kilikuwa zizi la nguruwe, lenye uvundo ambao ulinifanya niikumbuke gundi kwa mapenzi. Ukumbini kulitundikwa picha za wakubwa wa chuo wa zamani, kila mmoja na mashavu mekundu, na mwanzilishi mwenyewe alichorwa pamoja na fahali wake. Ilinichukua muda kuamua ni yupi kati ya hao wawili aliyetoa mabanda. Jikoni, wanafunzi walikuwa wakisafisha kuku, na vya ndani vyote vilitupwa katika ndoo moja karibu na mlango: matumbo, mioyo, maini, firigisi, miguu yenye kucha. Nzi walikuwa wamekwisha pata habari. Niliwekwa kwenye stuli karibu na ndoo ile. Sikula kuku mwezi mzima.

Kila mwanafunzi alitakiwa kuandaa chakula cha mchana na kukipeleka mezani kwa watahini, na aliyekaa kichwani mwa meza alikuwa mkuu wa chuo mwenyewe, Bwana Tolley. Hapo ndipo mama alipoanza kusumbuka. Kwetu, kuku akichinjwa kwa ajili ya mgeni, firigisi ni ya mkubwa wa meza. Mgeni wa heshima akikosa kuiona kwenye sahani yake anajua ametukanwa, na wapo wakwe walioinuka na kwenda zao, urafiki wa koo mbili ukalala miaka. Wanawake huipika, huipasua, huimenya ile ngozi ya njano, huikaanga, lakini hawaionji. Bibi yangu hakuonja hata mchuzi wa kuku maisha yake yote. Sasa hapa kuna mkuu wa chuo kizima, mwenye matawi matatu, na firigisi iko kwenye ndoo?

Nilimwona mama akiigeuza ile ya kuku wake mkononi, kabla haijafika kwenye ndoo.

"Weka kwa supu, nyamaza," Mama Jaspal alimnong'oneza. "Hawa watu hapana jua hiyo."

"Nimpe mtu mzima kifua, kama mtoto?"

"Mpe kifua, chukua cheti, enda nyumbani."

"Mama Jaspal, huyu ni mkuu. Hata kama hajui, mimi najua."

Akaiosha, akaimenya, akaikaanga kwa kitunguu mpaka ikawa kahawia. Aliiweka katika kisahani chake peke yake, pamoja na kijiti cha kotimiri, na alipobeba sinia kuingia chumba cha kulia mgongo wake ulikuwa umenyooka kama siku ya harusi. Mimi nilisogea kwenye kidirisha cha kupitishia sahani. Aligawa viazi, akagawa kabichi, akawapa watahini wengine wawili minofu. Kisha akaweka kile kisahani mbele ya Bwana Tolley kwa mikono miwili, akipiga goti kidogo.

"Hii ni nini, bibi?"

"Firigisi, bwana. Kwetu hupewa mgeni wa heshima."

Bwana Tolley aliinama akaitazama kwa karibu, kama mtu anayeangalia kitu kilichokanyagwa na kiatu. "Kwetu," alisema, "hupewa paka." Akaisukuma kwa ncha ya kisu mpaka ikaanguka kutoka kwenye kisahani juu ya kitambaa cheupe cha meza, ikaacha doa la mafuta. Mtahini mmoja alicheka kwa pua. Mwingine alifuta midomo ingawa alikuwa hajala. Bi. Harcombe, aliyesimama ukutani, alitazama viatu vyake.

Nilidhani mama atalia, au ataiokota na kutoka nayo. Aliiokota. Akaitazama, akawatazama, kisha akaitia mdomoni.

Firigisi si kitu cha kumeza haraka. Ni nyama ngumu, inataka meno na subira, na mama hakuwa na haraka. Alitafuna amesimama palepale, mikono ameikunja mbele ya aproni, na wale mabwana watatu walishindwa kuanza kula. Kwenye kidirisha, Mama Jaspal aliushika mkono wangu akaubana. "Anakula," alisema, kana kwamba mimi sioni. Mama alipomaliza alimeza, akafuta kidole kwa aproni, akasema, "Karibuni chakula," akarudi jikoni.

Chakula chenyewe kilipewa sifa. Mama alianguka mtihani kwa kula mbele ya meza ya watahini. Bi. Harcombe alimfuata mpaka kwenye basi, macho mekundu, akamwambia anaweza kurudia wakati wa kiangazi. Lakini nafasi ya hospitali haikuwa ya kungoja kiangazi, ikaenda kwa mtu mwingine, na mama akarudi kwenye masinki na ile kabichi. Baba alipoelezwa, alisikiliza habari za mtihani, za paka na za kitambaa, akatikisa kichwa tu. Kisha akaweka kikombe chini.

"Ngoja. Uliila? Wewe mwenyewe?"

"Niliila, Baba Nekesa."

"Mbele ya wanaume?"

"Ungetaka niile chooni?"

Siku mbili hakuzungumza naye. Matusi ya Bwana Tolley aliyasamehe kabla chai haijapoa. Ya mkewe yalimkaa kooni. Nilikuwa mdogo lakini nilijua kinyaa ninapokiona, na nilikiona usoni mwa baba kilekile nilichokiona kule kwenye jumba, tofauti ikiwa ni sare ya kondakta.

Mama alirudia mtihani, akawapa kuku asiye na chochote ndani wala nje, akafaulu. Mwishowe alipata jiko la shule moja ya Washwood Heath, mikono yake ikapona, akapika huko mpaka alipostaafu. Kiwanda cha gundi sasa ni nyumba za vijana wenye baiskeli za bei mbaya, na nasikia wanazipenda kuta zile kwa kuwa ni matofali halisi. Chuo kimenialika niwahutubie kuhusu historia yake ya kuwapokea wageni. Bado sijawajibu. Kila nikianza kuandika jibu la adabu naiona ile ncha ya kisu, na adabu inanikimbia. Nilijiona nina haki ya kuwadharau kwa raha zangu zote, mpaka Krismasi iliyopita.

Kanisa letu lilifanya chakula ukumbini, Handsworth. Waliopika na kupakua walikuwa wanawake wa Kenya wa siku hizi: wauguzi wanaoongoza wodi nzima, mhasibu mmoja, na binti mmoja anayesomea udaktari. Mchungaji, kijana mwenye umri wa wanangu, aliketishwa kichwani mwa meza. Na yule anayesomea udaktari akaja na kisahani, akapiga goti kidogo, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili. Hakuna aliyeshtuka. Mimi mwenyewe, mwenye tasnifu, nilikuwa nimekwisha sogeza glasi kukipisha.

Mama alikuwa ameketi mkono wa kulia wa mchungaji, kwa heshima ya umri wake. Alikitazama kile kisahani. "Mchungaji," alisema, "hiyo unaila?"

Mchungaji alicheka, akidhani ni utani. "Mama, si unajua, hii ni ya..." Akatutazama sisi wengine tumsaidie kumalizia. Wanawake waliokuwa wakipakua walisimama na miiko yao. Mama alikuwa amekwisha chukua uma.