Mpiga pikolo aliyeomba kuhama kiti

Saa mbili kasoro robo asubuhi, ndani ya ukumbi wa mazoezi wa bendi, mwanamke wa miaka arobaini na saba anakaa, anasimama, anakaa tena. Pikolo yake, filimbi nyeusi ya mbao inayoenea kwenye mkoba wa mkononi, ameiunganisha na kuitenganisha mara tatu. Saa mbili anapimwa. Akishindwa, kiti kinakwenda kwa mwingine.

Wenzake wanamwita Chiriku. Ameipuliza pikolo miaka kumi na tisa, na posho ya kiti hicho ni theluthi ya kipato chake. Lakini sikio lake la kulia limechoka.

"Inalia hapa hapa," anasema akiligusa. "Filimbi kubwa inabembeleza. Hii haina adabu."

Noti anazosoma zinaandikwa kama za filimbi kubwa, ila sauti inatoka juu kwa oktavu nzima, yaani ngazi nane za sauti. Katika ala za kupuliza za mbao, pikolo ndiyo ndogo kuliko zote na ndiyo inayosikika kuliko zote. Mpiga klarineti akikosea, anajificha kati ya wenzake tisa. Chiriku hana pa kujificha.

Mumewe, fundi viatu, aligundua mapema. "Namwita chai iko tayari, anaitika mimi naosha kikombe," anasema. "Nikamuuliza, mama, unanidharau au husikii?"

Alikuwa hasikii. Badala ya kusema, akaziba sikio bovu kwa pamba na kulifunika kwa kilemba ili lisiumie zaidi. Hapo ndipo alipoharibu. Akiwa na pamba, alisikia kama noti zake ziko chini ya za wenzake, akazipandisha. Wapiga filimbi, waliozoea kumsikiliza yeye kwa kuwa yuko juu yao wote, wakapanda naye. Klarineti zikabaki chini, muziki ukawa haupatani. Wiki tatu bendi nzima ikawa inatafuta mchawi.

"Nikasingizia joto la ukumbi," anasema, macho kwenye saa ya ukutani. "Kisha nikamsingizia dada anayekaa pembeni yangu. Maskini, alikuwa ananifuata mimi."

Juzi kiongozi wa bendi aliwapulizisha mmoja mmoja, akamkamata. Akampa siku mbili ajirekebishe.

Sasa kiongozi anaingia. Chiriku hamsubiri hata aweke begi chini.

"Mzee, kabla hujanipima. Sikio la kulia limekufa nusu. Nilikuwa naweka pamba."

"Ukaniacha nigombane na watu wazima!"

"Nisamehe. Naomba nihamie mwisho wa safu, upande wa kulia. Hapa nilipo, wenzangu wote wako upande wa sikio bovu."

"Hapa si sinema, kila mtu ajichagulie kiti."

Dada wa pembeni anainuka, anabeba stendi yake ya noti na kusogea kiti kimoja kushoto. Wengine wanamfuata, mpaka kiti cha mwisho kulia kinabaki kitupu.

"Nenda kakae," dada anamwambia Chiriku. "Ukipanda tena, nakuja huko kukukanyaga mguu."

Ukumbi unacheka. Kiongozi hacheki. Wanapiga wimbo wa gwaride, na mwishoni anawashikisha noti ya mwisho mpaka nyuso zinawavimba.

"Tena."

Wanarudia. Kiongozi anainamisha kichwa, anasikiliza.

"Mwezi mmoja ukae hapo," anasema hatimaye. "Leo hii nenda hospitali wakupime, wakupe vizibo vya masikio vya kazi. Pamba sitaki kuiona."

Mazoezi yakiisha, Chiriku anajibu maswali ya mwandishi huku akitembea. Imebaki miaka minane astaafu, na anataka kuimaliza akiwa anawasikia wenzake, si kwa kubahatisha. Mlangoni anageuka na kumwita dada yule.

"Wewe, chukua mkoba, twende. Miaka sita sikio lako la kushoto limekaa ubavuni mwa pikolo yangu."

"Mimi nasikia vizuri, dada."

"Hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Twende!"